Nyumba ya Futi Nane Katika Njia ya Bunda

Barabara itokayo Musoma kwenda Bunda haina mambo ya kumshangaza mwenyeji: mashamba ya muhogo na mtama, mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yalipangwa na mtu, ng'ombe wasiojali honi, na upepo wa ziwa unaokusindikiza kitambo kabla ya kukuacha. Lakini siku ile tulipopita sisi, watu waliacha majembe wakatutazama. Nyuma ya pikapu ya shemeji yangu lilifungwa tela dogo lenye umbo la tone la maji lililolazwa, mbele lina tumbo la mviringo, nyuma linateremka na kuchongoka. Watoto wa Bweri waliliita yai. Mzee mmoja pale Makutano alilizunguka mara mbili, kisha akauliza mtumbwi huo tunaupeleka wapi, maana ziwa tulikuwa tumekwisha kuliacha nyuma.

Ilikuwa nyumba. Ina mahali pa kulala na ina jiko, na vyote viwili vimo katika urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Nataka kuwaeleza hasa habari za jiko lake. Kulala ndani ya sanduku ni jambo la kuzoea tu, lakini kuweka moto na gesi karibu na watu wanaolala ni jambo la uhai na mauti, na wengi wetu siku hizi tunaingiza mitungi majumbani bila ya kulifikiri sana.

Shemeji yangu ni seremala. Huuza viti na stuli minadani, leo kijiji hiki, keshokutwa kile, na dada yangu hufuatana naye pamoja na mtoto wao wa miaka miwili. Maisha ya mnada mnayajua. Ukilala nyumba ya wageni kila usiku, faida ya viti viwili imekwisha. Ukila hotelini watu watatu, faida ya kiti cha tatu nayo imekwenda. Kwa hiyo walikuwa wakilala ndani ya pikapu chini ya turubai, na kupikia mafiga kando ya njia, kama kuni zilipatikana. Wakati wa masika kuni kavu ni kitu cha kuomba kwa watu.

Chombo hiki si uvumbuzi wake. Wamarekani walianza kujiundia vya namna hiyo katika miaka ya 1930, na Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945 vikaenea zaidi. Wao huviita kwa jina la tone la chozi, kwa sababu ya umbo, nao huvikokota kwenda kupumzika porini au kandokando ya mito. Shemeji alipoonyeshwa picha hakusifu uzuri wake. Alichukua tepu ya kupimia. Plaiwudi iuzwayo madukani mwetu ni futi 8 kwa 4. Godoro la kawaida la watu wawili ni futi 4 kwa 6. Ukitoa 6 katika 8 zabaki 2, na futi 2 zatosha meza ya jiko. Akasema, "Shemeji, watu hawa walipima godoro letu." Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia.

Kazi aliifanyia uani kwake, Nyasho, pale Musoma. Ekseli na springi ni za gari kuukuu, fremu ni ya chuma cha kuchomelea, ubavu ni plaiwudi nene, na paa ni plaiwudi nyembamba iliyokunjwa taratibu kwa kulowekwa maji, kisha ikavikwa bati. Kuta alizipigilia nje ya sakafu, si juu yake, ili zisiibe nafasi ya godoro. Tela nalo husajiliwa na kupewa namba, na sharti liwe na taa za nyuma. Mambo hayo aliyamaliza kabla ya kulitoa barabarani, na kwa kusema kweli yalimchosha kuliko kupiga randa.

Sasa jiko. Halimo chumbani. Liko mkiani, na humwoni mpishi akiingia ndani, kwa kuwa hakuna pa kuingilia. Nyuma ya tela kuna kifuniko kinachofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, hushikiliwa na fito mbili, na kikiisha kuinuliwa humfanyia mpishi kibanda cha kumkinga jua na manyunyu. Mpishi husimama chini, kwenye ardhi ya Mungu, hewa ikimpitia pande zote. Mbele yake ni meza ya futi 2, na juu yake rafu za vyombo. Kila rafu ina ukingo wa vidole vitatu, kwa sababu barabara ya vumbi yenye mikunjo huteremsha vikombe vyote kabla hujafika mlima wa kwanza. Sufuria zote huingia moja ndani ya nyingine. Unga umo ndani ya ndoo yenye kifuniko, si katika mfuko. Nyuma ya jiko pamepigiliwa bati, ili mbao zisiungue, na pembeni kuna mabati mawili ya kukunjua, ya kuzuia upepo. Aliyewahi kuwasha kiberiti ufukoni mwa Musoma saa za alasiri hataniuliza ni ya nini.

Kati ya jiko na godoro kuna ukuta mzima wa plaiwudi. Hauna dirisha, hauna tundu, hata la kupitishia sahani. Wako walioona jambo hilo ni upumbavu, maana kama mlango mdogo ungewekwa, mama angempa mtoto uji bila ya kuzunguka. Nitawaambieni kwa nini haukuwekwa, lakini kwanza tuondoke Musoma.

Asubuhi dada alikwenda soko la Mwigobero, kandokando ya ziwa, akanunua sato wawili na kibaba cha dagaa. Maharage aliyaloweka tangu jana. Aliyachemsha kwa nguvu muda wa dakika 20 hivi, kisha akaifunika sufuria, akaiweka ndani ya sanduku la mbao lenye maranda ya mbao pande zote, akaongeza blanketi juu. Akafunga. Tukaenda zetu. Nadhani hili ndilo jambo lililonifurahisha kupita yote, na halikuhitaji tela wala gari. Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huku kwetu maji huchemka yakiwa kama nyuzi 96, hayafiki 100; ndiyo maana maharage yetu huchukua muda mrefu kuliko ya watu wa pwani. Ukiyaacha juu ya moto saa mbili, unaichoma gesi bure. Ukiyafungia joto lake yenyewe baada ya kuchemka vizuri, hujipika njiani. Tulipofungua sanduku jioni bado yalitoa mvuke. Dakika chache za moto zikamaliza kazi.

Kutoka Musoma tulipita Bweri, tukafika Makutano, tukavuka barabara kuu iendayo Mwanza upande mmoja na Sirari upande wa pili, tukashika njia ya Butiama. Hapo shemeji alisimama kupanga upya mizigo, kwa kuwa tela lilikuwa likiyumba. Sababu ni jiko lenyewe. Likiwa mkiani, kila unachoongeza jikoni hunyanyua pua ya tela, na tela lenye pua nyepesi hutikisa mkia kama mbwa. Mafundi husema yapata sehemu moja katika kumi ya uzito wote ilalie gari linalokokota. Basi dumu la maji la lita 20 likahamia mbele, sanduku la maharage likaenda kwenye pikapu, na kuyumba kukaisha.

Mtungi wa gesi ulikuwa mbele tangu mwanzo, nao una kisa chake. Shemeji, kama seremala yeyote, alitaka kuutengenezea kabati zuri chini ya meza ya jiko, lenye mlango na komeo. Dada alikataa, nami nilikuwa upande wa dada. Gesi ya mitungi ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminiko. Si gesi ile ya Songo Songo na Mtwara. Hii huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Nazo hazifanani tabia. Ile ya Mtwara ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu na kwenda zake. Hii ya mtungi ni nzito. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, hujaza shimo, hujaza kabati, hulala chini ya kitanda ikingoja kiberiti. Wenye viwanda huitia dawa ya harufu mbaya ili tuitambue, lakini mtu aliyelala hanusi. Mtungi ndani ya kabati lililofungwa vizuri, mlango wa pili kwa godoro, ni bomu lililopigwa vanishi.

Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 husafiri mbele, juu ya mkono wa tela, ndani ya kisanduku cha chuma chenye matundu chini, umesimama wima na kufungwa kwa mkanda, koki imefungwa na regyuleta imetolewa. Wakifika mahali pa kupika, mtungi huchukuliwa kwa mkono, huwekwa chini kando ya mkia, mbali na moto kadiri mpira unavyofika, nao ni mpira wa mita moja na nusu usio na kiungo katikati. Kila wanapofunga regyuleta, dada hupaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, kuna uvujaji, asiwashe. Nimeona watu wakijaribu kwa njiti ya kiberiti. Ewe msomaji, usifanye hivyo hata kwa mzaha.

Tulifika Butiama mchana. Hapa ndipo alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na hapa, Mwitongo, ndipo alipozikwa Oktoba 1999. Kuna makumbusho yenye jina lake, na mawe ya kupumzikia kivulini hayana idadi. Mwaka 1934 alitoka hapa kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, maili 26. Oktoba 1967, akiwa tayari Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, akipita humu humu tulimokuwa tukilalamikia mikunjo ya barabara.

Hatukuegesha ovyo. Mgeni anayelala ndani ya sanduku hutia watu wasiwasi, na ni haki yao. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukajieleza, naye akatuonyesha uwanja karibu na mji wa bibi mmoja mzee. Bibi alitoka na fimbo yake. Tulimwamkia, akaitikia, akalitazama tela kwa muda. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, jeneza hili ni la nani?"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Lakini bibi hakucheka, mpaka kifuniko kilipoinuliwa na kuonekana masufuria.

Ndipo ukaja mtihani wa ugali. Nimesoma jinsi wenzetu wa ng'ambo wanavyojisifia majiko haya madogo, na naamini sifa zao, kwa kuwa wao hukaanga mayai na kuchemsha kahawa. Hawasongi. Maji yalipochemka na unga wa muhogo na mtama ukaingia, dada akashika mwiko kwa mikono miwili, na nyumba nzima ikaanza kunesa juu ya springi zake. Vikombe vikalia rafuni. Mtoto aliyekuwa amelala ndani akaamka, akachungulia kwa kidirisha akidhani safari imeanza. Shemeji alipiga vigogo viwili chini ya pembe za nyuma, tela likatulia, lakini sasa sufuria ikawa inazunguka juu ya jiko. Akaleta vyuma viwili vya kubana ukingo wa sufuria; alivitengeneza mapema, maana mkewe alimwonya. Vilishika. Hata hivyo meza ile ni ya juu mno kwa kusonga, nguvu ya mtu hushuka kutoka mabegani, na bibi wa Butiama aliyasema hayo waziwazi: "Ugali husongwa chini, mwanangu. Huo unaupapasa."

Dada alitii. Alifunga koki, akafungua komeo mbili zinazoshika jiko mezani, akaliteremsha jiko lote juu ya jiwe bapa, akawasha tena, akaketi kwenye stuli na kusonga kama kwao. Tangu siku hiyo ndiyo desturi yao: samaki na mboga juu, ugali chini. Kama wewe unafikiri kujenga chombo kama hiki, usilipigilie jiko misumari.

Wakati wa kula walikuja kina mama wengine, wakaanza kuulizauliza. Mmoja akauliza juu ya ule ukuta usio na tundu. Dada aliwasimulia, nami naandika kama alivyosema. Masika ya mwaka jana, usiku wa mvua kubwa, walilala kwenye pikapu, turubai limefungwa kila upande. Mtoto alikuwa na mafua. Wakaingiza jiko la mkaa, makaa yamekwisha kushika na hayana moshi, wakaliweka miguuni ili kupata joto. Dada aliamka usiku kichwa kikimpasuka, miguu haina nguvu. Alimwita mumewe, hakuitika. Alimshika mtoto, akamwona amelegea kama kitambaa. Hakuweza kusimama; alitambaa, akapasua fundo la turubai kwa meno, akaanguka nje kwenye matope pamoja na mtoto. Mlinzi wa soko akasikia, akaja akamvuta mumewe nje kwa miguu. Hewa safi na hospitali viliwarudisha wote watatu.

Moshi haukuwapo, ndugu zangu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huikamata damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hata mtu akafa akidhani anasinzia. Gesi ya mtungi nayo, ikiwaka katika chumba kilichosongwa, hutoa sumu ile ile. Hivyo ukuta haukuwekwa kwa ajili ya harufu ya samaki. Dada alimwambia fundi wake kwamba nyumba yenye tundu la kupitishia uji, usiku mmoja wa baridi itapitisha jiko. Chumba cha kulala kina vidirisha viwili vyenye wavu ambavyo havifungiki kabisa, na baridi hushindwa kwa mablanketi. Kina mama walinyamaza. Mmoja wao aliondoka bila kuaga, akarudi baadaye akasema alikwenda kuhamisha jiko lililokuwa chumbani kwa mkwewe aliyejifungua juzi.

Kesho yake tulirudi barabara kuu, tukapita Kiabakari, tukafika Bunda kabla ya saa sita. Bunda ni mji wa njia panda, na kila mtu pale anatoka mahali au anakwenda mahali: Mwanza, Musoma, au Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe. Hapo tuliupima mtungi. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa juu ya mtungi wenyewe. Utoe katika uzito wa mizani, utajua gesi iliyobaki, na ukinunua mwingine mwambie muuzaji aupime mbele yako. Moto mmoja wa kadiri hula kama gramu 150 kwa saa, hivyo kilo 6 ni kama saa 40 za moto. Kwa maharage ya sandukuni na chai mara mbili, shemeji anahesabu wiki tatu na siku chache. Ni ghali kuliko kuni za kuokota, lakini ni rahisi kuliko hoteli, na huku karibu na mpaka wa Serengeti kuni za kuokota ovyo zinaweza kukupeleka mahakamani. Serikali katika mkakati wake wa 2024 imeweka shabaha kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na kwa njia ya REA mitungi ya kilo 6 imepata kuuzwa vijijini kwa nusu ya bei. Mtungi basi utafika kwako nawe. Ukifika, uulize utalala wapi.

Usiku ule mvua ilinyesha Bunda. Mimi nililala kwa jamaa, wao kwenye tela, chini ya vilima. Asubuhi niliwakuta wamelala vizuri, wakavu, mtoto anacheza na mwiko. Unga tu ndio uliolowa kidogo, kwa kuwa maji yaliingia penye bawaba za kile kifuniko, na ndoo ilisahauliwa wazi. Shemeji alikwenda kwa fundi wa baiskeli, akaomba mpira wa ndani uliochakaa, akaupasua kwa urefu, akaupigilia juu ya bawaba zote tangu pembe hii mpaka ile, akamwaga kopo la maji juu yake, akainama kutazama.